Uwanja Si Hisani: Neno Juu ya Ligi ya Wanawake wa Ayalandi na Mabinti Zetu



Tunaomba nafasi katika toleo hili tuseme jambo ambalo limekuwa likinong'onwa kwenye harusi na kwenye vikao vya jumuiya lakini halijaandikwa. Ni jambo la mpira. Na kabla hujafunua ukurasa wa pili kwa kudhani kwamba hizi ni habari za Arsenal na Manchester, subiri kidogo. Tunazungumzia kandanda ya Kigaeli ya wanawake, mchezo wa hapa Ayalandi tunapoishi, ambao ligi yake huchezwa kila mwaka kuanzia Januari, kwenye baridi na tope, hadi Aprili. Baadhi ya mabinti zetu wameanza kuucheza.

Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, wanawake wa nchi hii wamedhulumiwa katika mchezo wao wenyewe, na kwa muda mrefu dhuluma hiyo imepewa jina zuri la kujitolea. Pili, jumuiya zetu sisi wageni zinafanya dhuluma ile ile, tena bila hata kujisumbua kuitafutia jina. Atakayekasirika na akasirike, lakini asome mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe

Kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai au Minneapolis ambao hawajauona, tuueleze kwa ufupi. Kila timu ina wachezaji 15. Mpira ni wa duara, na wanawake hutumia ulio mdogo kidogo kuliko wa wanaume. Unaruhusiwa kuupiga teke, kuudaka, kuupiga kwa mkono kumpa mwenzako, na kukimbia nao mkononi hatua nne; kisha ni lazima uudundishe chini au uuangushie mguuni na kuudaka tena. Milingoti ya goli imesimama kama herufi H. Ukiutia wavuni, chini ya mtambaa wa panya, ni goli, na goli lina thamani ya pointi 3. Ukiupitisha juu ya mtambaa wa panya, katikati ya milingoti, ni pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili mbili. Katika fainali ya Ayalandi nzima ya Agosti 2024, Kerry waliwafunga Galway 3-14 kwa 0-14, yaani pointi 23 kwa 14.

Wanawake hucheza dakika 60. Anayepewa kadi ya njano hutoka nje dakika 10, kwa hiyo utovu wa nidhamu unailipisha timu nzima papo hapo. Mwanamke anaruhusiwa kuuokota mpira chini moja kwa moja kwa mkono, jambo ambalo wanaume hawaruhusiwi, na hilo huufanya mchezo uende mbio bila kusimamasimama. Ni mchezo mkali, wa akili na wa pumzi. Anayesema ni mchezo wa kupoteza wakati hajasimama pembeni ya kiwanja mwezi Februari akaona binti wa miaka 19 anaruka kuudaka mpira katikati ya watu wanne, mvua ikimpiga usoni.

Ligi ina madaraja manne. Katika daraja la kwanza zipo timu nane za kaunti, kila moja inakutana na nyingine zote, mechi saba kwa jumla. Mbili za juu huingia fainali, mbili za chini hushuka daraja. Hakuna wiki ya kupumzika akili. Ukipoteza mechi mbili za mwanzo, Machi nzima unacheza ukiwa na kisu shingoni.

Miaka 90 mlangoni

Chama cha michezo ya Kigaeli kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika Hoteli ya Hayes, mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Ayalandi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na waasisi wale walitaka kuilinda michezo ya wenyeji isimezwe na michezo ya mtawala. Chama kikakua kikawa sehemu ya harakati za taifa. Tarehe 21 Novemba 1920 majeshi ya mtawala yaliingia Croke Park, Dublin, mechi ikiendelea, yakafyatua risasi, na watu 14 wakapoteza maisha. Sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa hatuhitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Mtu akikuambia kwamba ngoma yako ni ushenzi na lugha yako ni ya jikoni, siku utakayopata uwanja wako mwenyewe utaulinda kwa roho.

Basi sikilizeni. Chama cha kandanda ya Kigaeli ya wanawake kilianzishwa tarehe 18 Julai 1974, mji ule ule wa Thurles, hoteli ile ile ya Hayes. Kati ya kikao kimoja na kingine imepita miaka 90. Watu walioanzisha chama kwa sababu walichoka kuambiwa kwamba michezo yao si michezo, walikaa miaka 90 bila kuwawekea binti zao mashindano ya mpira huu. Mwaka huo huo wa 1974 fainali ya kwanza ikachezwa, Tipperary wakawashinda Offaly kwa tofauti ya pointi moja tu. Ligi ikafuata mwaka 1979. Hao wanawake hawakungoja kufundishwa. Walikuwa tayari wanacheza, na walichokosa ni mlango.

Na hata mlango ulipofunguliwa, nyumba haikuwa yao. Chama cha wanawake ni chombo kilicho mbali na chama kikuu. Viwanja ni vya chama kikuu na vilabu vyake. Maana yake ni kwamba wanawake ni wapangaji katika nyumba ambayo mama zao na bibi zao walichangia kuijenga kwa kuuza keki na tiketi za bahati nasibu. Mpangaji, kama tunavyojua sote tuliowahi kupanga katika miji hii, analala vizuri mpaka siku mwenye nyumba atakapohitaji chumba.

Mfano upo, na ulishuhudiwa na nchi nzima. Desemba 2020, nusu fainali ya wanawake kati ya Cork na Galway ilipangiwa Limerick. Uwanja ule ukahitajiwa kwa mazoezi ya wanaume, mechi ikahamishiwa Parnell Park, Dublin. Asubuhi ya siku ya mechi Parnell Park ikakutwa imeganda kwa baridi, mechi ikahamishiwa Croke Park, na saa ya kuanza ikavutwa mbele kwa sababu wanaume walikuwa na nusu fainali yao mchana katika uwanja huo huo. Timu ya Galway ikajikuta imebakiwa na dakika chache tu za kupasha misuli moto kabla ya mechi kubwa kuliko zote za mwaka wao. Hatusemi kwamba yupo mtu aliyekaa akapanga kuwadhalilisha. Tunasema jambo baya zaidi: hakukuwa na haja ya kupanga. Mfumo ukishajengwa hivyo, unadhalilisha wenyewe, kama paa lililopimwa vibaya linavyovuja bila kuambiwa.

Hesabu ya petroli

Sasa tuje kwenye neno hili kujitolea. Katika michezo ya Kigaeli hakuna anayelipwa mshahara, awe mwanamume au mwanamke. Mwalimu anafundisha mpaka Ijumaa, nesi anamaliza zamu yake ya usiku, mwanafunzi anafanya mtihani, na Jumapili wanaingia uwanjani mbele ya maelfu. Ni jambo la kupendeza, na sisi tunaliheshimu. Lakini wanaume wa timu za kaunti wamekuwa wakirudishiwa gharama zao za safari, wanakula baada ya mazoezi, wana mtaalamu wa viungo wa kuwakanda na kuwatibu. Wanawake wengi walikuwa wakitoa hayo yote mfukoni mwao.

Sisi tuliosomea uhandisi hatuna raha mpaka tuone namba, basi tufanye hesabu ya mfano. Binti anasoma chuo Dublin na anachezea kaunti ya Kerry. Kutoka Dublin hadi Tralee ni kilomita 300 hivi. Akienda na kurudi mara moja tu kwa wiki, ni kilomita 600. Ligi na maandalizi yake tuyape wiki 12. Jumla ni kilomita 7,200, karibu sawa na kuruka kwa ndege kutoka Dublin mpaka Nairobi. Hiyo ni mara moja kwa wiki, na ni ligi peke yake. Mashindano ya kiangazi hayajaanza. Petroli ya safari hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye mshahara wa kazi ya jioni dukani, au kwa baba yake. Na kijana wa kiume aliyekaa mtaa ule ule, anayechezea kaunti ile ile, anajaza fomu na kurudishiwa. Hapo neno kujitolea lina maana mbili tofauti: mmoja anatoa muda wake, mwingine anatoa muda wake na kulipia ruhusa ya kuutoa.

Juni 2023 wachezaji wa kike wa kaunti, wa kandanda na wa kamoji pamoja, wakasema imetosha. Wakatangaza kwamba wataendelea na mashindano ya mwaka ule wakiwa katika malalamiko rasmi, wakavaa fulana zenye ujumbe wao wa usawa kabla ya mechi, na wakadai hati ya wachezaji itakayoweka kiwango cha chini: gharama za safari, huduma ya tabibu, nafasi ya viwanja vya mazoezi. Angalieni hawakudai nini. Hawakudai mshahara, hawakudai magari. Walidai wasitozwe kwa kuwakilisha kaunti zao. Na hati ya kwanza ya aina hiyo ikapatikana kwa msimu wa 2024.

Msimu huo wa ligi wa 2024 ndio jibu kwa kila aliyesema kwamba malalamiko yatawaharibia mchezo. Armagh walikuwa wamepanda kutoka daraja la pili mwaka 2023. Wakaingia daraja la kwanza, mahali ambapo mgeni kwa kawaida anatafuta tu asishuke, wakafika fainali, na tarehe 7 Aprili 2024 wakawashinda Kerry katika uwanja wa Croke Park na kuutwaa ubingwa wa daraja la kwanza kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kerry nao hawakukaa chini kulia. Walikuwa wameshapoteza fainali za Ayalandi nzima za 2022 na 2023, sasa na hii ya ligi. Agosti ya mwaka huo wakatwaa kombe kuu ambalo hawakuligusa tangu 1993. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini aliyeshindwa mara tatu akarudi, huyo tumwite nani?

Na bado. Julai 2024 wanaume wa Armagh nao walitwaa kombe lao la Ayalandi nzima, na furaha yao ilikuwa halali. Lakini ukitaja leo mwaka wa Armagh katika baa yoyote, kinachokumbukwa ni Julai. Wanawake waliotangulia kwa zaidi ya miezi mitatu wamekuwa tanbihi. Hatuwalaumu wanaume wa Armagh kwa kushinda. Tunailaumu kumbukumbu inayochagua.

Wanaosema hakuna watazamaji

Hoja inayopendwa ni ya soko: ati wanawake hawavutii watu, na fedha hufuata watu. Tuikague. Tarehe 15 Septemba 2019 fainali ya wanawake ilikusanya watazamaji 56,114 Croke Park. Ziko nchi ambazo timu zao za taifa za wanaume hazijapata kuona umati wa namna hiyo. Watu hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Tangu 2001 kituo cha televisheni cha TG4, kinachotangaza kwa lugha ya Kiayalandi, kimekuwa mdhamini wa mashindano hayo na kikiyaonyesha mwaka hadi mwaka. Msimuliaji anasimulia kwa lugha ambayo watu wachache tu wanaitumia majumbani kila siku, na mechi ni ya wanawake ambao vituo vikubwa havikuwa na muda nao. Lugha ndogo na mchezo uliosahauliwa vikashikana mikono, vyote viwili vikapanda. Sisi tunaolia kila mwaka kwamba watoto wetu wanapoteza Kiswahili tungefaa kulitazama hilo kwa makini: lugha hukua mahali penye jambo la kusisimua la kusimulia.

Ligi, kwa upande wake, inapelekwa kwenye viwanja vya pembezoni Jumapili ya Februari, au inawekwa kuwa mechi ya kutangulia ya wanaume, watu wakiwa bado wanatafuta pa kuegesha magari. Kisha wanahesabiwa watazamaji, na idadi ikiwa ndogo inatumiwa kama ushahidi. Katika kazi yetu, ukifunga koki ya bomba robo tatu, kisha ukapima maji yanayotoka na kuandika kwenye ripoti kwamba mtaa huu hauna kiu, utafukuzwa kazi, na utakuwa umestahili.

Haki tuseme pia yaliyotendeka. Mwaka 2021 serikali ya Ayalandi ilitangaza kulinganisha ruzuku za wachezaji wa kaunti wa kike na wa kiume. Vyama vya wanawake na chama kikuu viliingia katika mazungumzo ya kuungana kuwa kimoja, chini ya kamati iliyoongozwa na Mary McAleese, aliyekuwa Rais wa nchi hii, na Februari 2024 ilitangazwa kwamba lengo ni mwaka 2027. Tunayapokea kwa furaha. Ila muungano ni neno ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunalijua utamu wake na uchungu wake. Muungano ukifanywa bila kuandikwa nani ana uwanja siku gani, nani anatangulia ratiba zikigongana, na nani anakaa kwenye meza ya fedha, mpangaji atabaki mpangaji, tofauti ikiwa tu kwamba sasa jina lake limo kwenye hati ya nyumba.

Na kwa anayeuliza sisi wageni yanatuhusu nini: ruzuku hizo ni kodi, na kodi tunalipa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mgeni njoo ukae kimya.

Sasa tujitazame

Hapa ndipo tutakapopoteza marafiki.

Kila kiangazi jumuiya zetu, kutoka Dublin hadi Leicester, huandaa siku ya michezo. Tunaijua ratiba yake kwa moyo. Kuna kombe la wanaume, timu sita au nane, jezi mpya, mwamuzi wa kulipwa, kiwanja kilichokodiwa siku nzima. Kuna wazee wa zaidi ya miaka 40 wanaocheza dakika kumi na kuumia nyonga. Kwa watoto wa kike kuna mbio za magunia, tena kama muda utaruhusu. Na akina mama? Wameamka saa kumi ya alfajiri, wameshachambua mchele, wameshakaanga vitunguu vya pilau, na saa nne asubuhi wako kwenye meza wanauza sambusa. Mapato ya sambusa hizo yanaingia kwenye mfuko wa jumuiya, na mfuko wa jumuiya ndio unaonunua jezi. Kwa lugha nyepesi: mwanamke anakaanga ili mwanamume avishwe. Ada ya uanachama wanalipa sawasawa.

Mtu akiuliza mbona mabinti hawana timu, majibu yako tayari, na tumeyasikia yote.

Jibu la kwanza ni kwamba si utamaduni wetu. Utamaduni upi? Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita wanawake wa Mombasa na Zanzibar walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye viongozi wenye vyeo, sare zao, na mashindano makali baina ya chama na chama hata mji mzima ukagawanyika upande huu na ule. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohammed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vikundi vya ngoma vya wanawake, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wamejipanga tayari. Zanzibar ilikuwa na timu ya kandanda ya wanawake iliyoitwa Women Fighters, na mwaka 2007 ikatengenezewa filamu iliyozunguka ulimwenguni. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, na wakarudi tena katika fainali zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Mwanamke wa Kiswahili kushindana, kujipanga, kupiga kelele za ushindi, ni jambo la asili yetu kabisa. Kilicho kigeni ni hili la kumfungia katika nyumba ya vyumba viwili ughaibuni, mahali ambapo hana shangazi wala jirani wala ngoma, kisha tukaita upweke huo desturi.

Jibu la pili ni vazi. Tumewaona mabinti uwanjani wamejifunga hijabu za michezo, wamevaa suruali ndefu za kubana chini ya kaptura, na wanakaba kama simba. Stara haikuwazuia kufunga. Mzazi mwenye wasiwasi wa dhati na azungumze na kocha wa klabu, ni mazungumzo ya dakika tano. Lakini mzazi anayetumia vazi kama kisingizio cha kutoamka Jumamosi asubuhi kumpeleka binti mazoezini, wakati kaka yake anapelekwa kila wiki kwenye gari lile lile, huyo asimsingizie Mungu uvivu wake.

Jibu la tatu ni kwamba mchezo huu ni wa Waayalandi, sisi una nini nasi. Waulizeni ndugu zetu wa Muscat. Huko kuna klabu ya michezo ya Kigaeli inayoitwa Clann na hOman. Mwaka 2015 mashindano ya dunia ya michezo hii yalichezwa Abu Dhabi. London wana uwanja wao Ruislip, New York wana wao huko Bronx. Waayalandi walihama kwa njaa na kwa kutafuta kazi, kama sisi, na kila walikofika walitafuta kiwanja kabla hawajazeeka. Katika vilabu hivyo vya ughaibuni wanawake na wanaume wanavaa jezi moja. Na sharti la kuingia si damu. Ukija na njumu na kikinga meno, unapangwa. Watu wenye moyo wa kutupokea namna hiyo tutawajibu kwamba mchezo wao si wetu, huku tunashinda tukibishana juu ya timu za Uingereza ambazo hazijui kwamba tupo?

Jibu la nne halisemwi kwa sauti, nalo ndilo la kweli. Binti anayecheza atajua kupaza sauti. Mchezaji wa nyuma asiyepiga kelele anawaponza wenzake, hivyo jambo la kwanza analofundishwa ni kuita. Atajua kupoteza Jumapili na kurudi mazoezini Jumanne. Atajua kwamba wenzake 14 wanamtegemea, na kwamba yeye ana haki ya kuwategemea. Siku moja ataingia kwenye kikao cha jumuiya na kuuliza mapato ya sambusa yamekwenda wapi. Wapo wanaoiogopa siku hiyo. Sisi tunaingoja kwa hamu.

Rena Buckley wa Cork alistaafu akiwa na medali 18 za ubingwa wa Ayalandi, 11 za kandanda na 7 za kamoji, na aliongoza kaunti yake kama nahodha katika michezo yote miwili. Kazi yake ya kila siku ni kutibu viungo vya watu. Tunamtaja kwa sababu mabinti zetu wa miaka 13 wanaweza kukutajia majina kumi ya wanasoka wa kiume bila kuvuta pumzi, na hawajapata kusikia jina lake. Na umri huo wa miaka 13 au 14 ndio umri ambao binti huacha kucheza. Haachi kwa sababu ya uchovu. Anaacha kwa sababu ameanza kuelewa nani anangojewa na nani hangojewi.

Kwa hiyo tunazitaka jumuiya zetu mambo manne, na tunataka yajibiwe katika mkutano mkuu ujao, kwa maandishi.

Moja, fedha za michezo zigawanywe sawa kati ya wavulana na wasichana, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama.

Mbili, siku ya michezo iwe na mechi ya mabinti iliyopangiwa saa yake, mchana, wakati watu wapo, na si wakati wa kufungasha masufuria. Mpishi awe yeyote mwenye mikono.

Tatu, kila jumuiya iandike barua kwa klabu ya Kigaeli iliyo karibu nayo kuomba siku moja ya kuwajaribisha watoto, wa kike na wa kiume. Vilabu hivi vinatafuta wachezaji. Hatujasikia klabu iliyokataa.

Nne, mechi moja ya ligi ya wanawake kila msimu tuhudhurie kama jumuiya, familia nzima, na tulipe kiingilio. Wanaosema hakuna watazamaji watapungukiwa na hoja kwa idadi ya viti tutakavyokalia.

Haya si mambo ya gharama. Bei ya kombe moja la kung'aa la wanaume inatosha kununua mipira ya kuanzia na bado chenji ikarudi. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Ligi huanza Januari. Anayetaka kutujibu na aandike, ukurasa upo. Lakini kabla ya kuandika amuulize kwanza binti yake anavaa njumu namba ngapi.